Picha za Kwanza za Mwanamitindo Ukiwa Mtwara: Mwongozo Kamili, Kuanzia Mkeka wa Asubuhi Hadi Kumwandikia Wakala

Picha nyingi za wanamitindo wapya wa huku kusini zinakataliwa kwa kasoro zilezile. Zimepigwa saa sita mchana juu ya mchanga mweupe. Uso umepakwa poda hadi haufanani tena na shingo. Programu ya urembo imelainisha ngozi mpaka imekuwa kama ya mdoli. Halafu zimetumwa kwa WhatsApp, nayo imezibana hadi zikapoteza ukali. Wakala, yaani anayewatafutia wanamitindo kazi, akizifungua hajui mwombaji ana sura gani, basi anaendelea na wa pili.

Simu yenye kamera nzuri inatosha kwa kazi hii. Kinachokosekana mara nyingi ni mwanga, nguo zinazoonyesha umbo, na ratiba inayojua bahari inajaa saa ngapi. Ukifuata hatua hizi utamaliza na seti mbili: polaroidi, yaani picha za wazi zisizo na vipodozi ambazo wakala hutazama kwanza, na picha nne au tano za potifolio, yaani mkusanyo wa picha zako za kazi, zinazoonyesha unavyobeba nguo.

Vitu vya kuandaa

- Simu yenye nafasi ya kutosha, na chaji ya akiba.
- Kitambaa laini cha kufutia lenzi. Upepo wa bahari una chumvi, na lenzi yenye chumvi hutoa picha yenye ukungu.
- Mtu wa kushika simu. Picha za kujipiga mwenyewe hazikubaliki hapa.
- Singlendi moja nyeupe au nyeusi, na skintaiti au jinzi ya kubana isiyochanika.
- Viatu vya mchuchumio kwa wasichana, viatu vyeusi vya kawaida kwa wavulana.
- Mavazi matatu ya potifolio, yamepigwa pasi na kutundikwa. Usiyakunje kwenye begi.
- Shuka jeupe au karatasi mbili za manila nyeupe za kurudishia mwanga usoni.
- Pini za nguo, tishu, mafuta ya nazi kidogo, kitana, maji ya kunywa.
- Yeboyebo za kuvaa ufukweni kati ya picha na picha.
- Futi ya fundi cherehani.
- Mkeka.

Kuhusu mavazi: mistari myembamba iliyosongamana hucheza kwenye picha, na nyeupe tupu juani hupoteza mikunjo yote. Rangi za udongo, kijani iliyoiva na njano ya manjano huipendeza ngozi yetu na kuelewana na kuta za Mikindani, mji mkongwe ulio karibu na Mtwara. Ukivaa kanga, soma jina lake kwanza. Kuna watu wamepiga picha nzuri kabisa za kupeleka shuleni au kanisani huku kifuani pameandikwa masimango ya wake wenza.

Kama kuna nguo ya kushonesha, mpelekee fundi mapema. Pesa za korosho zikianza kuingia, mafundi wa mjini wanakuwa na foleni, na ahadi ya "njoo kesho" huzaa kesho nyingine.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kutazama mwezi

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika kama 50. Ukienda bila kujua, utakuta maji yamefika kwenye minazi na huna pa kusimama, au yamekimbia mbali yakaacha tope, mawe na kina mama wanaochokoa pweza.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu, maji hujaa sana karibu saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri. Hupwa sana karibu saa 4, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, katikati ya vipindi hivyo, saa hugeuka, lakini tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Ukiwa na shaka muulize mvuvi. Atakujibu bila kutazama simu.

Sasa jua. Huku Mtwara linachomoza kati ya saa 12 kasorobo na saa 12 na dakika 40 asubuhi, kutegemea mwezi wa mwaka. Linazama kati ya saa 12 na dakika chache na saa 1 kasoro dakika 10 jioni. Mwanga mzuri ni saa moja na nusu ya kwanza ya siku na saa moja na nusu ya mwisho. Kuanzia saa 3 asubuhi jua linapanda, macho yanafinywa, na vivuli vyeusi vinaingia chini ya nyusi na pua.

Ukiunganisha mambo hayo mawili utapata jibu: picha zenye maji nyuma yako zipigwe jioni ya bamvua, kuanzia saa 11. Maji yameanza tu kurudi, mchanga umeloa na hauna nyayo, jua limelegea. Tena kwenye fukwe zinazotazama mashariki, kama Msimbati, jioni jua liko upande wa nchi kavu. Ukiipa bahari mgongo, mwanga unakuja usoni. Asubuhi ni kinyume: ukisimama hivyohivyo jua liko nyuma yako, na uso unakuwa mweusi mbele ya anga jeupe. Ndiyo sababu picha za alfajiri ufukweni huwapendeza wapigaji lakini haziwasaidii wanaopigwa.

Msimu nao una neno. Mvua za huku huanza karibu Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili hivi. Juni hadi Agosti anga ni safi lakini kusi inavuma, na alasiri itakupeperusha dera na nywele pamoja. Mimi ningechagua Septemba au Oktoba, kusi imechoka na kaskazi haijashika.

Dalili ya kufaulu: una tarehe moja, saa ya maji kujaa, saa ya jua kuzama, na siku ya akiba iwapo mawingu yatafunga.

Hatua ya 2: Omba ruhusa kabla ya kubeba begi

Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Kuna kiingilio, na upigaji picha wa kibiashara una utaratibu wake. Ulizia mapema ofisi ya hifadhi, usibishane getini. Boma la zamani la Mikindani lina usimamizi wake, na nyumba nyingi za mawe zenye milango ya nakshi zina wenyewe hata zikionekana magofu.

Usipige picha bandarini, uwanja wa ndege, au karibu na mitambo ya gesi ya Madimba. Ulinzi wa maeneo hayo hautaki mzaha. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa potifolio ya kwanza huihitaji hata kidogo.

Kwa watu, adabu ndiyo kibali. "Shikamoo mzee, tunaomba kupiga picha karibu na ngalawa yako, hatutagusa nyavu." Ukishaitikiwa marahaba, mara nyingi mzee mwenyewe atakusogezea kasia. Usikanyage kamba za mwani: ni shamba la mtu.

Mikindani ni mji wa heshima zake. Nguo fupi au ya kuogelea funika kwa kanga mpaka wakati wa kupigwa, na uvae tena kanga ukimaliza. Ufukweni kwenye watu wengi, ningeiacha kabisa. Wakati wa Ramadhani panga picha za mjini zenye mavazi ya staha, na usile wala kunywa mbele ya wenyeji mchana.

Kama hujafikisha miaka 18, mzazi au mlezi awepo mwenyewe siku ya picha na kwenye kila mazungumzo na wakala. Hili halina njia ya mkato.

Hatua ya 3: Jipime kwa ukweli

Simama bila viatu, visigino na kisogo vikigusa ukuta. Mtu aweke kitabu kigumu kichwani kikiwa sambamba na sakafu, achore alama, kisha apime kutoka chini. Pima pia kifua, kiuno mahali kilipo chembamba, na nyonga mahali zilipo pana. Futi iguse ngozi bila kubana. Andika kwa sentimita, pamoja na namba ya kiatu.

Usijiongezee urefu. Kazi za jukwaani kwa kawaida hutafuta wanawake kuanzia sentimita 172 hivi na wanaume kuanzia 183 hivi, na siku ya usaili utapimwa tena. Ukiwa mfupi zaidi, jitambulishe kwa kazi za matangazo ya biashara, ambako tabasamu, meno na mikono hulipwa bila kujali urefu.

Hatua ya 4: Mkeka kabla ya kamera

Mwili uliotoka kitandani au kwenye bodaboda hauko tayari. Mabega yamepanda, shingo imezama, vidole vimekakamaa, na kamera huona vyote. Dakika 20 za yoga hulegeza hayo. Fanya kabla ya kula, au saa mbili baada ya chakula.

Anza kwa kusimama wima, miguu imeachana kwa upana wa nyonga. Vuta pumzi kwa kuhesabu hadi 4, itoe kwa kuhesabu hadi 6, mara kumi. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza woga, na woga huonekana kwanza kwenye taya.

Kisha piga magoti na uweke viganja chini. Vuta pumzi ukibonyeza mgongo chini na kuinua kifua, itoe ukiupinda mgongo juu kama paka aliyeshtuka. Rudia polepole mara nane. Hapa ndipo mgongo unapokumbuka kwamba unaweza kunyooka.

Kutoka hapo inua nyonga juu, mikono na miguu vikibaki mkekani, mwili ukiwa na umbo la paa la nyumba. Kunja magoti kidogo kama misuli ya nyuma ya mapaja inavuta. Kaa pumzi tano. Maliza kwa mguu mmoja mbele umekunjwa, wa nyuma umenyooka, mikono imetandazwa pande mbili, macho yakifuata kidole cha mbele. Badilisha upande. Mkao huu unakufundisha kubeba uzito kwenye miguu bila kukaza uso, na ndicho utakachofanya mbele ya kamera jioni nzima.

Maumivu makali si sehemu ya zoezi. Ukiyasikia, acha. Na kama unataka picha ya yoga kwa ajili ya mavazi ya michezo, chagua mkao unaoumudu kwa nusu dakika bila kutetemeka. Mkao wa kuvutia uliokushinda huonekana umekushinda.

Hatua ya 5: Piga polaroidi

Hizi zipigwe nyumbani, asubuhi, kivulini. Tafuta ukuta mweupe au wa kijivu usiopigwa na jua, huku mbele yake pakiwa wazi. Baraza la nyumba hufaa sana. Epuka ukuta wa buluu na kivuli cha mwembe: rangi ya ukuta na ya majani huhamia kwenye ngozi, na utaonekana mgonjwa.

Osha uso, paka mafuta mepesi, basi. Hakuna poda, wanja wala kope za bandia. Nywele zirudishwe nyuma ili masikio na mstari wa taya vionekane. Kama una kipara au nywele fupi, usitafute wigi. Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe mwaka 2007 akiwa amenyoa, akaingia kumi bora.

Mpiga picha asimame hatua nne au tano kutoka kwako na kuivuta picha karibu (zoom) mara mbili. Simu ikiwa karibu mno, pua hukua na masikio hupotea. Kwa picha ya uso, simu iwe usawa wa macho. Kwa mwili mzima, ishuke hadi usawa wa kitovu, isimame wima bila kuinama. Simu ikiwa juu ya kichwa chako miguu hukatwa nusu, na hilo ndilo kosa ninaloliona kuliko yote.

Ukuta mweupe hudanganya simu: inadhani kuna mwanga mwingi, inaifanya ngozi kuwa nyeusi tii. Gusa uso kwenye kioo cha simu, shikilia mpaka ukali na mwanga vijifunge, kisha pandisha mwanga taratibu hadi mfupa wa shavu uonekane. Zima kila kitu kinachoitwa urembo au kulainisha ngozi.

Piga hizi: uso kwa mbele bila kucheka, uso kwa mbele ukitabasamu na meno yakionekana, uso upande wa kulia, uso upande wa kushoto, mwili mzima mbele, upande, na nyuma. Mikono iachwe ianguke yenyewe. Usishike kiuno.

Malizia na video ya sekunde 20 ukitembea kuja na kurudi, juu ya saruji, kwa mchuchumio. Mchangani kila mtu hutembea kama bata. Waandaaji wa maonyesho ya mavazi, hata yale makubwa kama Swahili Fashion Week inayofanyika Dar es Salaam tangu 2008, huchagua kwa kutazama mwendo, kwa hiyo usiitupe video hii mwishoni kana kwamba ni nyongeza.

Dalili ya kufaulu: rangi ya uso na ya shingo ni moja, macho yana nuru ndogo ndani yake, miguu yote iko ndani ya picha, na mama yako akiitazama anasema "huyu ni wewe" bila kusita.

Hatua ya 6: Picha za potifolio

Mavazi matatu, sehemu mbili, basi. Wanaobeba nguo kumi humaliza mwanga wakiwa kwenye kubadilisha.

Anzieni mitaa ya Mikindani saa 9 na nusu au 10, kwenye vivuli vya kuta za mawe. Simama hatua mbili mbele ya ukuta badala ya kuuegemea. Ukijibandika ukutani kivuli chako hukubana na nguo hukunjamana. Kisha saa 11 muwe mmeshafika ufukweni, iwe Shangani pale mjini au kwingine. Msimbati ni mbali, na ukiichagua ipe siku yake na upange usafiri wa kurudi usiku kabla hujaondoka mjini.

Ufukweni, mchanga huakisi mwanga kutoka chini na kujaza vivuli vya kidevu, jambo zuri. Upande wa uso ulio gizani, msaidizi ashike shuka jeupe hatua moja na nusu kutoka kwako, alielekeze kwenye jua hadi uone shavu linang'aa. Paka mafuta ya nazi kwenye miguu na mabega tu. Paji la uso likimeta, gusa kwa tishu, usisugue.

Tembea, geuka, simama, anza tena. Picha nzuri nyingi hupatikana kati ya mkao na mkao. Mpiga picha aangalie mstari wa bahari usilale upande na usipite shingoni kwako. Anapopiga mwili mzima, asikukate kwenye vifundo: ama juu ya goti, ama mwili wote.

Vaa yeboyebo kila unapohama. Kwenye miamba maji yanapokupwa kuna viumbe wenye miba mirefu myeusi, na mwiba mmoja utamaliza siku yako.

Hatua ya 7: Onyesho la hisani kama chanzo cha picha za jukwaani

Potifolio isiyo na picha hata moja ya jukwaani ina pengo. Kwa anayeanza Mtwara au Lindi, njia nyepesi ni onyesho la mavazi la hisani, mfano la kuchangia taulo za kike kwa wanafunzi au madawati.

Kujitolea si kufanya kazi bila masharti. Kabla ya kukubali, uliza: fedha zinakwenda wapi na nani atazikabidhi? Kibali kipo, na afisa utamaduni wa halmashauri anajua? Nauli na chakula vipo? Nitapata picha zangu lini? Mwandaaji mkweli hujibu hayo kwa dakika mbili. Anayekasirika umemjua.

Picha za watoto wanaopokea msaada usiziweke kwenye potifolio yako. Wewe unauza mwendo wako. Shida zao hazihusiki.

Hatua ya 8: Chagua na utume

Lala usiku mmoja kabla ya kuchagua. Ukiwa umechoka kila picha huonekana nzuri au mbaya yote. Bakiza polaroidi saba na picha tano za potifolio zisizofanana. Mbili zenye mkao uleule ni moja. Kuhariri kuwe kunyoosha mstari wa bahari, kurekebisha mwanga na kukata pembeni. Kovu, alama ya chanjo na pengo la meno viache.

Ipe kila picha jina: jina lako, urefu, aina ya picha. Tuma kwa barua pepe. Kama wakala anataka WhatsApp, tuma kama dokumenti, siyo kama picha. Maandishi yawe mafupi: jina, mwaka wa kuzaliwa, mji, vipimo, namba ya kiatu, simu, na sentensi moja kuhusu kazi unayotaka.

Wakala wa kweli hula kwenye kazi, mara nyingi karibu asilimia 20 ya malipo baada ya wewe kulipwa. Anayetaka "ada ya usajili" kwanza, anayeomba picha za utupu "za vipimo", au anayekuita usaili hotelini peke yako usiku, mfungie. Picha za utupu usimtumie yeyote kwa sababu yoyote.

Ukiitwa Dar es Salaam, kumbuka ni kama kilomita 560 kwa barabara. Omba kwanza mazungumzo ya video, anwani ya ofisi na jina la utakayeonana naye, na mwachie ndugu taarifa hizo. Ukikaa wiki tatu bila jibu, andika mara moja tu kuuliza, kisha tuma kwingine. Polaroidi zipigwe upya kila baada ya miezi mitatu hadi sita, au siku ileile unaponyoa, kusuka au kubadilika uzito.